Uamsho wa Walimu: Uhakiki wa Taarifa za Semina za Ualimu Nchini Marekani Katika Karne ya 19

Mwanafunzi wa Historia ya Kanisa hufundishwa mapema kwamba hati iliyoandikwa siku ya tukio ina uzito kuliko simulizi lililotungwa miaka mingi baadaye. Kanuni hiyo ni njema, wala makala haya hayakusudii kuipindua. Hata hivyo inayo hatari yake. Msomaji aliyeishika bila kuipima huweza kuichukua taarifa ya mkutano, yenye tarehe, idadi ya waliohudhuria na majina ya wanenaji, akaamini kwamba ameuona mkutano wenyewe. Kumbe alichokiona ni mkutano kama alivyopenda uonekane yule aliyeuitisha. Jambo hili nataka kulichunguza kwa njia ya hati ambazo kwa kawaida hazisomwi na wanatheolojia, yaani taarifa za semina za walimu zilizofanyika nchini Marekani tangu mwaka 1839 hadi miaka ya 1880. Nimezichagua kwa sababu zinafanana mno na taarifa zetu wenyewe za semina za kanisa. Na tena kwa sababu zina ukoo na uamsho wa kidini, ukoo ambao watu wa shule wenyewe wameusahau.

Tuanze na habari zenyewe. Henry Barnard aliteuliwa mwaka 1838 kuwa katibu wa halmashauri ya shule katika jimbo la Connecticut. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1839 aliwakusanya mjini Hartford walimu 26, wakafundishwa kwa muda wa majuma sita hivi, naye akabeba gharama mwenyewe kwa kuwa Bunge la jimbo halikukubali kutoa fedha. Mwaka 1842 halmashauri yake ilivunjwa. Mwezi Aprili 1843, mjini Ithaca katika jimbo la New York, msimamizi wa shule wa wilaya, J. S. Denman, aliwakusanya walimu 28 kwa majuma mawili, akaupa mkutano huo jina lililodumu, ambalo kwa Kiswahili tungelitafsiri Taasisi ya Walimu. Jina hilo linapotosha kidogo, maana taasisi hiyo haikuwa na jengo, wala maktaba, wala mwalimu wa kudumu. Sisi tungeiita semina, na hivyo ndivyo nitakavyoiita. Mwaka 1845 Horace Mann, katibu wa halmashauri ya elimu ya Massachusetts, aliendesha semina nne kwa dola 1,000 alizopewa na mfanyabiashara Edmund Dwight, na mwaka uliofuata Bunge la jimbo hilo likaanza kutenga fedha kwa kazi hiyo. Kuanzia hapo semina zilienea jimbo kwa jimbo. Ilipofika mwaka 1885 zilikuwa nyingi kiasi kwamba Ofisi ya Elimu mjini Washington ilichapa waraka mzima juu yake, uliotungwa na James H. Smart, aliyekuwa amesimamia elimu katika jimbo la Indiana na wakati huo akiwa Rais wa Chuo Kikuu cha Purdue.

Ni haki kusema kwamba hitaji lilikuwa kubwa. Walimu wengi wa shule za vijijini walikuwa vijana waliofundisha miezi michache tu katika mwaka, kisha wakarudi shambani au wakaolewa. Chuo cha kwanza cha ualimu cha serikali ya jimbo kilifunguliwa Lexington, Massachusetts, mwezi Julai 1839, kikiwa na wanafunzi watatu. Kwa mwendo huo watoto wa vijijini wangesubiri vizazi vingi. Mann na Barnard hawakudai kamwe kwamba majuma machache yangetosha kumfanya mtu kuwa mwalimu. Waliona tu kwamba kidogo ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Tena hawakuwa watu wa kukaa meza kuu. Inasimuliwa kwamba huko Pittsfield mwaka 1845, chumba kilipokutwa hakijatayarishwa, Mann pamoja na Gavana Briggs walishika mafagio wakakifagia. Nawataja kwa heshima. Uhakiki huu haugusi bidii yao, unagusa maandishi.

Anayezisoma taarifa hizi moja baada ya nyingine ataona upesi kwamba zinafuata kawaida moja. Hutajwa mahali na tarehe. Hutajwa idadi ya waliohudhuria. Husemwa kwamba kikao kilifunguliwa kwa sala na wimbo. Hufuata masomo: kusoma kwa sauti, tahajia, mwandiko, hesabu, sarufi, jiografia. Jioni huwa na mhadhara kwa watu wote wa mji. Mwisho huja maazimio: shukrani kwa wanenaji, shukrani kwa familia zilizowapokea walimu nyumbani mwao, shukrani kwa kampuni ya reli iliyopunguza nauli, na tamko kwamba kazi ya ualimu ni wito mkuu na kwamba waliohudhuria wanarudi shuleni wakiwa na ari mpya. Msomaji wa Afrika Mashariki atatabasamu. Mahali pa kampuni ya reli aweke mgeni rasmi, mahali pa wimbo wa asubuhi aweke kwaya ya usharika, aongeze picha ya pamoja mbele ya jengo la kanisa, naye atakuwa na taarifa ya karibu kila semina aliyopata kuhudhuria.

Swali la kihakiki ni hili: maandishi haya ni ya namna gani? Hatumwulizi mwandishi wa zaburi maswali tunayomwuliza mwandishi wa orodha ya wafalme. Kwa mwanafunzi wa Biblia hilo ni somo la mwaka wa kwanza. Ajabu ni kwamba tukitoka katika chumba cha ufafanuzi wa Maandiko na kuingia katika chumba cha historia, tunalisahau.

Mwanahistoria Paul Mattingly, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975 juu ya viongozi wa shule wa Marekani wa karne ya 19, alitoa jibu ambalo naona ni sahihi katika kiini chake. Alionyesha kwamba semina za kwanza ziliiga mikutano ya uamsho. New England na New York za miaka ya 1820 na 1830 zilikuwa zimetikiswa na uamsho mfululizo. Charles Finney alikuwa ameieneza mikutano ya siku nyingi, na katika mihadhara yake iliyochapwa mwaka 1835 alifundisha kwamba uamsho si muujiza wa kusubiriwa, bali ni matokeo ya kuzitumia ipasavyo njia zilizowekwa. Walioitisha semina za walimu walikuwa wamelelewa katika hewa hiyo. Barnas Sears, aliyempokea Mann kazi ya ukatibu mwaka 1848, alikuwa mchungaji wa Kibatisti aliyefundisha kwanza katika chuo cha theolojia cha Newton. Mkutano wa siku kadhaa, katika mji wowote utakaowapokea, unaoendeshwa na wanenaji wanaosafiri, wenye nyimbo na hotuba za jioni, unaomalizika kwa watu kusimama na kuazimia maisha mapya: hiyo ni sura ya uamsho. Tofauti ni kwamba kwenye benchi la mbele, mahali pa mwenye kutafuta toba, ameketi msichana wa miaka 18 mwenye kitabu cha hesabu.

Sisi ambao makanisa yetu yaliguswa na uamsho uliotoka Rwanda katika miaka ya 1930 hatuhitaji kuelezwa nguvu ya mikutano ya namna hiyo. Wala hatuhitaji kuelezwa jinsi habari zake zinavyoandikwa. Mwandishi wa habari za uamsho hatafuti kujua waongofu wanajua nini. Anataka tujue walikuwa wangapi, na jinsi mioyo yao ilivyowaka. Huo si udanganyifu. Ni ushuhuda, na ushuhuda una sheria zake. Kosa ni la msomaji anayeuchukua ushuhuda akausoma kama matokeo ya mtihani.

Alama ya ukoo huu imo hata katika mafundisho yenyewe. David Perkins Page alikuwa mkuu wa kwanza wa chuo cha ualimu cha Albany kilichofunguliwa mwaka 1844, naye alikuwa mnenaji aliyependwa sana na walimu. Kitabu chake juu ya nadharia na utendaji wa kufundisha kilitoka mwaka 1847, muda mfupi kabla ya kifo chake. Humo anazikosoa njia mbili, ile ya kummiminia mtoto maarifa kama maji katika mtungi, na ile ya kumvuta kwa maswali yanayomtilia jibu mdomoni. Njia anayoipendekeza anaiita kuiamsha akili. Mfano wake ukawa mashuhuri. Mwalimu anaingia darasani na hindi moja la mahindi, anawaonyesha watoto, anawauliza maswali yasiyo na jibu la haraka, kisha anawaacha waende nyumbani wakatazame na kuwauliza wazazi. Ni somo zuri mno. Mwalimu wa Rungwe anaweza kulitumia kesho asubuhi bila kubadili kitu. Lakini lisikilize neno lenyewe, kuamsha. Page analitumia kwa mtoto, na waandishi wa taarifa wanalitumia kwa mwalimu, kana kwamba tatizo la mwalimu wa kijijini lilikuwa usingizi.

Mfano mwingine ni wa Louis Agassiz, mtaalamu wa viumbe kutoka Uswisi, profesa wa Harvard, aliyefundisha katika semina za Massachusetts. Alipotaka kuwafundisha walimu habari za wadudu, alitaka kila mmoja awe na panzi mkononi. Watu walicheka, wengine wakawaangusha panzi wao, yeye akasisitiza washikwe na kutazamwa wakati anasema. Habari hii ilihifadhiwa kama ushindi, na bila shaka ulikuwa ushindi. Aliyemshika panzi yule hakumsahau. Hata hivyo kila niisomapo najiuliza juu ya Jumatatu iliyofuata. Mwalimu amerudi katika chumba kimoja chenye watoto wa kila umri, wengine wanaanza alfabeti na wengine wana ndevu. Je, alikamata panzi? Na kama alikamata, je, kamati ya shule ilimwelewa? Taarifa ya semina haina la kusema, kwa maana haikuandikwa kujibu swali hilo. Inaishia mlangoni.

Jibu la kitheolojia kwa tatizo hili liliandikwa katika mji uleule wa Hartford alikoanzia Barnard. Horace Bushnell alikuwa mchungaji wa Kanisa la North la Wakongregesheni mjini humo tangu mwaka 1833 hadi 1859. Mwaka 1847, mwaka uleule wa kitabu cha Page, alichapa hotuba zake juu ya malezi ya Kikristo, akiwapinga waliotazamia kwamba kila mtoto apotee kwanza ndipo aongoke kwa kishindo. Alishikilia kwamba mtoto wa waaminio akue akiwa Mkristo, bila kujijua kamwe kuwa kitu kingine. Mlutheri atakuwa na maswali mazito kwa Bushnell, hasa juu ya dhambi ya asili. Lakini katika jambo moja hatakuwa mgeni. Katekisimo Ndogo iliandikwa kwa ajili ya baba na mama wa nyumba, mezani na kitandani, siku baada ya siku. Haikuandikwa kwa ajili ya jukwaa. Bushnell aliona kwamba watu wa zama zake walijua kuhesabu saa ya kuongoka lakini hawakuwa na lugha ya kueleza miaka ya kukua. Lawama hiyohiyo naielekeza kwa taarifa za semina. Zina msamiati mpana wa kuwaka, kuhamasika na kuazimia. Msamiati wa kuzoea, kurudia, kukosea na kusahihishwa, ambao ndio msamiati wa ualimu, hazina.

Mtu atasema kwamba basi tutafute taarifa za aina nyingine, za wakaguzi, zisizo na mapambo. Tahadhari inahitajika hapo pia, na Walutheri tunao mfano wetu. Ukaguzi wa sharika za Saksonia wa miaka 1528 na 1529 ulimhuzunisha Luther kiasi kwamba aliandika Katekisimo zote mbili mwaka 1529. Mwaka 1978 Gerald Strauss alichapa kitabu juu ya mafundisho ya vijana katika Ujerumani ya Kilutheri. Alikuwa amesoma taarifa nyingi sana za wakaguzi wa karne ya 16, akahitimisha kwamba Matengenezo yalishindwa kuwafundisha watu wa kawaida. Kitabu kilizusha mabishano makali. James Kittelson, aliyezichunguza taarifa za Strasbourg, alijibu mwaka 1982 kwamba huko picha ni nyingine, na kwamba yapo mafanikio ambayo Strauss hakuyaona. Siwezi kuyamaliza mabishano hayo hapa. Nataka tu tuone kwamba mkaguzi alitumwa kutafuta makosa, naye akayapata. Mwendesha semina alihitaji ari, naye akaipata. Kila mmoja aliandika kwa mtu aliyemtuma na mwenye kutoa fedha. Ndiyo maana fungu la Bunge la jimbo, au zawadi ya Dwight, si jambo la pembeni katika kuzisoma hati hizi. Semina isiyo na taarifa yenye furaha isingepata fungu la mwaka ujao.

Basi tuwasikilize waliokaa upande wa pili wa ukumbi. Nitawataja wawili.

Wa kwanza ni Susan B. Anthony, aliyekuwa mwalimu kwa miaka mingi. Mwezi Agosti 1853, mjini Rochester, ulifanyika mkutano wa chama cha walimu cha jimbo la New York. Haukuwa semina kamili, lakini watu wake walikuwa walewale na desturi zake zilezile. Walihudhuria walimu zaidi ya 500, wengi wao wanawake, na waliosema walikuwa wanaume. Mada ilikuwa kwa nini kazi ya ualimu haiheshimiwi kama uanasheria, utabibu na uchungaji. Anthony alisimama na kuomba kusema. Mwenyekiti, Profesa Charles Davies, aliwauliza wanaume wa mkutano kama aruhusiwe, nao wakajadiliana nusu saa, yeye akiwa amesimama muda wote kwa kuhofia kwamba akiketi atapoteza nafasi. Aliporuhusiwa alisema maneno machache tu: kama jamii inamwona mwanamke hana akili ya kuwa mwanasheria, tabibu au mchungaji, lakini anazo za kutosha kuwa mwalimu, basi kila mwanamume anayekubali kufundisha amekiri kwamba akili yake haizidi ya mwanamke. Habari hii tunaijua vizuri kutokana na wasifu wake ulioandikwa na Ida Husted Harper, ulioanza kutoka mwaka 1898. Hesabu ya walimu 500 ni ya kweli. Ila hesabu hiyo haisemi kwamba sehemu kubwa ya hao 500 haikuwa na ruhusa ya kufungua kinywa.

Wa pili ana uzito zaidi. Katika kiangazi cha mwaka 1886 W. E. B. Du Bois, kijana wa miaka 18 na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Fisk mjini Nashville, alitoka kwenda vijijini Tennessee kutafuta shule ya kufundisha. Habari za safari hiyo alizichapa katika jarida la Atlantic Monthly la Januari 1899, na mwaka 1903 akazifanya kuwa sura mojawapo ya kitabu chake juu ya roho za watu weusi. Simulizi lake linaanzia kwenye semina ya walimu katika makao makuu ya wilaya. Hakuipa nafasi kubwa. Anasema tu kwamba wageni mashuhuri wa msimamizi wa shule waliwafundisha walimu sehemu za hesabu, tahajia na mafumbo mengine, walimu wazungu asubuhi na weusi usiku. Anataja mandari na chakula, kicheko na nyimbo. Kisha anaendelea na safari.

Ninaiona sentensi ile kuwa uhakiki bora kuliko wote ulioandikwa juu ya semina hizi, na haina hata neno moja la lawama. Kejeli iko katika kuziita sehemu za hesabu mafumbo, maana msemaji ni kijana aliyekuwa anasoma Kiyunani huko Fisk. Na jambo zito limewekwa mwishoni kwa upole kama jambo la ratiba. Mwandishi wa taarifa ya wilaya angeweza kuwajumlisha walimu wote kuwa idadi moja, na idadi hiyo ingekuwa sahihi kabisa. Lakini katika jumla hakuna asubuhi wala usiku. Du Bois anatuonyesha pia thamani ya cheti kilichotolewa. Alikwenda kwa afisa wa shule kuomba kazi, akiwa pamoja na kijana mzungu aliyetafuta shule ya wazungu. Cheti kilikubaliwa, kazi ikapatikana, wakakaribishwa chakula cha mchana. Wale wawili walikula kwanza, kisha yeye akala peke yake.

Shule aliyopewa ilikuwa kibanda cha magogo ambamo tajiri mmoja alikuwa akihifadhi mahindi yake. Wanafunzi walikalia mbao zisizo na mahali pa kuegemea. Meza ya mwalimu ilikuwa ya mbao tatu, na kiti chake kiliazimwa kwa mama mwenye nyumba alikopanga, nacho kilirudishwa kila jioni. Watoto walipoadimika, Du Bois hakuandika barua kwa msimamizi. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akalala kwa wazazi wao, akala chakula chao, akasikiliza shaka zao juu ya elimu ya vitabu. Ili kuwashawishi aliichukua hotuba ya Cicero ya kumtetea mshairi Archias akaieleza kwa lugha rahisi na mifano ya palepale kijijini. Yote hayo ni ualimu, tena ualimu wa kiwango cha juu. Hakuna hata moja lililofundishwa usiku ule wa semina.

Kutembelea huku kulipata historia yake baadaye, nayo inatuhusu. Mwaka 1908 Virginia Randolph, mwalimu mweusi wa wilaya ya Henrico katika jimbo la Virginia, aliajiriwa kwa fedha za mfuko wa Anna Jeanes azitembelee shule za wenzake na kuwasaidia kazini. Mpango huo uliigwa katika majimbo mengi ya Kusini. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, chini ya Thomas Jesse Jones, ilipita Afrika Mashariki, na mwaka 1925 chuo cha kuwaandaa walimu watembeleaji kilifunguliwa Kabete, nchini Kenya, kikichukua jina la Jeanes. Du Bois alikuwa mpinzani mkali wa Jones, na kwa sababu nzuri: aliona elimu iliyokusudiwa kumweka mtu mweusi mahali pake. Hatupaswi kuuficha upande huo. Lakini kuhusu njia ya kumsaidia mwalimu, mgeni anayekuja kukaa nyuma ya darasa lako anaona kile ambacho mnenaji wa jukwaani hawezi kukiona, na taarifa yake hulazimika kutaja ubao uliopasuka na mtoto asiyejua kusoma.

Nayasema haya kwa sababu sharika zetu nyingi zimekabidhi mafundisho ya watoto na wakatekumeni kwa watu walioandaliwa na semina peke yake. Mwinjilisti au mwalimu wa shule ya Jumapili huhudhuria siku tatu, hupewa cheti, na jina lake huingia katika taarifa. Baadaye mwanafunzi wetu anayeandika tasnifu huikuta taarifa hiyo katika sanduku la ofisi ya jimbo, akaandika kwamba mwaka fulani walimu 60 walifundishwa. Sahihi ni kwamba walimu 60 walihudhuria. Tofauti ya vitenzi hivyo viwili ni ya kitheolojia kabla haijawa ya kihistoria. Luka, katika Matendo 2:41, anatoa hesabu ya waliobatizwa siku moja, naye haoni haya kuitoa. Lakini kalamu yake haikomi hapo. Aya inayofuata ni ya kudumu katika fundisho, ushirika, kuumega mkate na sala. Taarifa nyingi nilizozisoma, za Marekani na za kwetu, ni Matendo 2 iliyokatwa baada ya aya ya 41.

Mtafiti afanye nini basi? Atafute karatasi zilizoandikwa bila kumfikiria mfadhili. Cyrus Peirce, mkuu wa chuo kile cha Lexington kilichoanza na wanafunzi watatu, aliandika shajara iliyokuja kuchapwa mwaka 1926. Imejaa uchovu na malalamiko: somo la leo halikwenda vizuri, wanafunzi hawakujiandaa. Humo mtu anakutana na ualimu kama ulivyo. Katika sharika zetu karatasi za namna hiyo zipo, ingawa hazikuitwa kumbukumbu: daftari la mwinjilisti, hati za malipo ya nauli, barua ya kuomba chaki iliyojibiwa au isiyojibiwa. Pale zisipokuwapo, wapo wazee waliokaa kwenye mabenchi yale, nao wanakumbuka ni nani aliyekaa mbele, ni nani aliyekaa nyuma, na ni nani aliyepika.

Du Bois alirudi Tennessee miaka kumi baada ya kuondoka. Msichana Josie, aliyekuwa wa kwanza kumwambia habari za shule ile na aliyetamani kusoma kuliko wote, alikuwa amekwisha kufa. Kibanda cha magogo kilikuwa kimeondolewa. Mahali pake palikuwa na nyumba ya mbao yenye madirisha matatu na mlango wenye kufuli, baadhi ya vioo vikiwa vimevunjika. Kiwanja sasa kilikuwa mali ya wilaya, na kila mwaka kulikuwa na muhula wa masomo. Du Bois alichungulia ndani, kwa nusu uchaji, kama anavyosema. Ubao ulikuwa umeongezeka kama futi mbili. Mabenchi hayakuwa bado na mahali pa kuegemea.